Nyuki Wangu kwa Dakika Tano

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Nimechaguliwa! Ijumaa nitawasilisha mradi wa nyuki wa shule yetu hapa Matogoro mbele ya wakubwa wa elimu. Slaidi ishirini, kila moja sekunde kumi na tano, zinajisogeza zenyewe. Atakayeshinda anakuwa mratibu wa miradi ya shule Tunduru. Tunduru! Mke wangu Mwanahawa ni muuguzi huko. Mwaka wa tatu huu naomba uhamisho, barua zangu zinajaza mafaili tu. Binti yetu Nasrin, miaka minne, ananiita baba wa kwenye simu. Lazima nishinde. Mizinga kumi, asali tele, watoto wanakunywa uji mtamu shuleni. Nani atanishinda?

Jumanne, 3 Septemba
Nimemwendea Mwalimu Brayson, ndiye atakayeendesha kompyuta siku hiyo. Nikamwomba slaidi zangu azipe sekunde thelathini, kimyakimya. Akakataa, sheria ni moja kwa wote. Nikampa chupa ya asali. Akaipokea, akashukuru, akakataa tena. Watu wa kompyuta hawana huruma.

Jumatano, 4 Septemba
Nimejipima chumbani kwangu Mfaranyaki: dakika nne na sekunde hamsini. Safi kabisa! Itifaki sikuihesabu, ile ni adabu tu, haiwezi kula muda. Orodha ya wageni nimeshaipata, watu kumi na wanne na vyeo vyao kamili. Mgeni rasmi anasifika kwa kupenda kutambuliwa. Mwanahawa alipiga simu, akasema nianze na nyuki moja kwa moja. Nikamwambia hospitalini hawayajui mambo haya.

Alhamisi, 5 Septemba
Mwalimu Asumpta wa shule ya jirani, mwenye mradi wa bustani ya mchicha na mpinzani wangu pekee wa maana, amekuja kuniomba orodha ya wageni. Ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia haijatoka. Akashukuru, akaniita kaka Muhsini. Roho iliniuma kwa kama dakika mbili. Kesho ataumbuka.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimekwisha.

Asumpta alitangulia. Kwa kuwa hakuyajua majina, alisema tu itifaki imezingatiwa, akaingia kwenye mchicha. Nikacheka moyoni. Utovu wa adabu! Akamaliza sawia na slaidi yake ya mwisho.

Zamu yangu. Slaidi zikaanza, nami nikaanza: mgeni rasmi, shikamoo, kisha wakuu wa idara, viongozi wa dini, watendaji wa kata, kila mmoja kwa jina na cheo. Nyuma yangu mizinga ikapita. Asali ikapita. Watoto na vikombe vyao vya uji wakapita. Mtendaji mmoja nilimruka, ikabidi nirudi nimwombe radhi. Nilipogeuka sasa niwaonyeshe nyuki, ukutani paliandikwa ASANTENI KWA KUNISIKILIZA. Watu wakapiga makofi ya heshima. Nilimsikia mgeni rasmi akimuuliza jirani yake mradi wangu ulihusu nini.

Nyuki sikuwataja hata mara moja! Nikaomba dakika moja tu. Brayson akasema muda umekwisha. Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikalia kama mtoto.

Jumapili, 8 Septemba
Asumpta ndiye mratibu. Leo nimepata ujasiri wa kumpigia Mwanahawa. Akasema Nasrin alikuwa ameshafagia pa kuweka sanduku langu. Afadhali angenitukana.

Jioni Asumpta akapiga. Hana mwenyeji Tunduru. Ningesema nini? Nikampa namba ya Mwanahawa. Wameelewana mara moja, atakaa kwetu. Kwetu! Anakwenda kulala nyumbani kwangu kabla yangu.

Jumatano, 11 Septemba
Nimelichunguza kosa langu siku tatu na nimelipata. Ni yule mtendaji wa kata. Nisingemruka, nisingepoteza muda kurudi nyuma. Itifaki yangu haikuwa kamili, basi.

Ijumaa tunamuaga Asumpta. Nimepewa dakika mbili za kutoa neno, na afisa anayeshughulikia uhamisho atakuwepo palepale. Ombi langu nitalipachika mwishoni kabisa. Wageni ni ishirini na sita. Nimeshawapanga wote kwa vyeo, na safari hii simruki mtu.