Bega Langu Mbele ya Sheria

Likasi, Jumatatu 9 Machi 1970
Siku ya nne tangu chanjo ya ndui. Bega la kuume halipandi. Mwuguzi Michel alichanja juu mno, karibu na shingo, huku akitaniana na wasichana wa kwaya. Nimeazima kitabu cha sheria kwa mapadri, nacho kinasema: anayemwumiza mtu hulipa fidia! Nitanunua kamusi kubwa, ile yenye picha.

Jumanne 10
Nimepeleka barua ya mashtaka tribinali. Jasho mpaka ndani ya soksi. Karani alicheka, halafu akasema nije Jumamosi, Michel naye ataitwa. Mkono ukishindwa kupanda mbele ya huyo karani, nitasikilizwa. Ukipanda, kesi imekufa.

Jumatano 11
Balaa! Bega limeanza kupona. Nimelifunga kwa kitenge cha mama ili lisijizoeze.

Alhamisi 12
Floribert, kiongozi wa darasa, amejua. Mbele ya wote akauliza kama bega langu limekwisha kushonewa joho la wakili. Kisha kwa sauti ya chini: chanjo ni ya serikali, weye Édouard unashtaki serikali? Baba yako akifukuzwa, ile nyumba ya kampuni mutaitoka lini? Sikula. Kila jeep inayopita inapunguza mwendo mlangoni petu. Au naona hivyo.

Ijumaa 13
Mjumbe wa chama alikuja shuleni. Kiapo! Mikono ya kuume mia tatu juu, wangu ndani ya kitenge. Akauliza ni nani yule anayekataa. Wote wakanigeukia. Nikaona akilini sufuria za mama zimetupwa barabarani. Mkono ukaruka wenyewe, na kitenge juu yake kama bendera. Kitu kikalia krak. Machozi! Mjumbe akasema tazameni kijana anayeipenda nchi mpaka analia. Michel, aliyekuja kuchanja wadogo, alipiga makofi kuliko wote.

Jumamosi 14
Karani amechana barua. Akasema nimshukuru Mungu kwamba aliyeichana ni yeye.

Jumapili 15
Baada ya misa mkuu wa shule ametangaza: mjumbe amenichagua kuongoza kiapo kila asubuhi, na kesho atakuja kutazama. Wa kwanza kuinua, wa mwisho kushusha. Bega sasa linauma kweli. Baba amejua yote. Hakunipiga, alifunga mlango kwanza. Akasema inua, mutoto yangu, inua na unyamaze. Nimenyamaza. Nikafungua kitabu cha sheria. Ukurasa wa themanini: aliyeumia kazini hulipwa fidia. Na kuongoza ni kazi! Barua iko tayari, kwa heshima zote. Kesho, mara tu baada ya kiapo, nitamkabidhi mjumbe mwenyewe.