Jino la Mama Mkwe na Mlango wa Nyuma

Mji mzima haukuwa na mtu aliyejua watu wengi wasiomjua kama Namjua!

Kazi yake ilikuwa kushona makochi. Lakini ukimsikiliza, ungedhani serikali nzima imekalia sponji yake. Mtaje hakimu: "Namjua!" Mtaje meneja wa benki: "Yule? Namjua mpaka anapoumwa mgongo!" Basi watu wakampa jina hilo, likamganda.

Mtu mmoja tu hakubabaika naye: mama mkwe wake. Tangu siku ya posa alikuwa akimtazama kama kochi lenye mguu mmoja mfupi.

Sasa mama mkwe akaumwa jino. Shavu likafura, jicho la upande ule likabaki mstari. Namjua akaona siku yake imefika. Leo huyu mama atamkubali, au basi tena!

"Mama, usihangaike na foleni," alisema wakiingia getini mwa hospitali. "Foleni ni ya watu wasio na watu. Mimi mtunza stoo wa humu namjua. Kochi la sebuleni kwake nimelishona mwenyewe!"

"Mtunza stoo anang'oa meno?" mama mkwe aliuliza kwa upande wa mdomo uliobaki.

"Aa, mama! Yeye anamjua daktari!"

Wakapita nyuma ya jiko la hospitali, wakaruka mtaro wa maji machafu, wakatokea kwenye mlango wa nyuma wa chumba cha meno.

Lahaula! Benchi limejaa. Ukuta umejaa. Wengine wamekalia matofali, mashavu yamewatuna kama wapiga tarumbeta wanaosubiri ishara.

"Jamani, foleni inaishia wapi?" aliuliza Namjua.

"Foleni gani?" alifoka bwana mmoja mwenye tai. "Hapa hakuna foleni. Hapa kila mtu ana mtu wake! Mimi nimeletwa na karani mkuu."

"Karani kitu gani? Shangazi yangu ndiye anayemfulia daktari mashati!"

"Sogeeni huko! Mimi nimesoma na dereva wa ambulensi!"

Kila mmoja alikuwa wa kwanza, ndiyo maana hapakuwa na aliyeingia. Nesi akitoa kichwa tu, anarushiwa majina ya wakubwa kama mvua ya mawe, anaufunga mlango.

Mtunza stoo akaja akihema. "Kaka, vuta subira. Nakwenda kumwona mtu."

Kumbe na yeye alihitaji mtu!

"Mkwe," alisema mama mkwe, "mimi nakwenda kunyoosha miguu."

"Nenda, mama. Nafasi yako naishikilia kwa meno!"

Jua likauacha ukuta huu, likahamia ule. Hatimaye mtunza stoo akarudi mbio. "Tayari! Nimemwona matroni, matroni kamwona mganga mkuu mwenyewe, mganga mkuu kapiga simu humo ndani. Mgonjwa yuko wapi?"

"Kaenda kunyoosha miguu."

"Miguu! Kaka, jina la mkubwa limeshatajwa! Asipoingia mtu sasa hivi, mimi kazi sina!"

"Kama hana mgonjwa atupishe!" benchi zima lilipiga kelele.

Atupishe? Namjua ampishe mtoto wa kaka wa mfua mashati? Akapiga hesabu ya haraka: ataingia yeye, akikalie kile kiti mpaka mama mkwe arudi. Akaingia kifua mbele.

"Fungua mdomo," alisema daktari.

"Dokta, mimi nimekuja tu kushika..."

"Nimeshaambiwa. Mtu wa mganga mkuu, jino la nyuma, maumivu makali."

"Si mimi, ni mkwe wangu!"

"Wakiona koleo wote husema hivyo. Nesi, mshike kichwa."

Nesi akachungulia, akanong'ona, "Daktari, mbona meno yote mazima?"

"Sasa nani atampigia mganga mkuu amwambie mtu wake haumwi? Wewe?"

Nesi akamshika kichwa. Sindano ikaingia. Koleo likafuata. Ng'oo!

Namjua akatoka akiyumba, pamba shavuni, machozi kidevuni. Akazunguka jengo kumtafuta mama mkwe. Akamkuta upande wa mbele, amekaa peke yake kwenye benchi refu tupu, pamba shavuni, mfuko wa dawa mapajani, ametulia kama aliyetoka kusuka nywele.

"Mkwe, umenichosha kukusubiri!" alisema. "Huku mbele hakuna mtu hata mmoja. Nimemkuta daktari kijana anapiga miayo, kidogo anikumbatie kwa kupata mgonjwa. Nimeng'olewa zamani."

Kisha akamtazama vizuri: shavu, pamba, machozi.

"Masikini! Kumbe na wewe ulikuwa unaumwa, baba? Si ungesema, tungepanga foleni wote wawili!"