Nani Atamrithi Mchambuzi wa Lenzi?

Jumatatu, 6 Novemba. Kumasi.
Swali lililonisumbua kwa miaka: mchambuzi wa kamera anapoisifu lenzi mtandaoni, kwa nini ninamwamini? Sijapata kumwona. Sijui hata kama huwasalimu majirani zake. Lakini akiwa na sauti ya upole, namwamini. Akipiga makelele, simwamini. Hiyo si hoja, ni tabia. Mtu anayefundisha mantiki chuo kikuu hapaswi kuishi hivyo.

Hata hivyo ninazo orodha mbili. Wachambuzi niwapendao: watano. Nisiowapenda: kumi na wanne. (Baada ya chakula cha mchana: kumi na watano.) Anayeongoza ile ya kwanza ni Mzee Egyir wa Takoradi, fundi saa mstaafu, anayechambua lenzi moja kwa mwezi akiwa jikoni kwake, mchuzi wa mawese ukitokota nyuma. Hasemi kamwe "bora duniani". Husema: "Inafaa. Tuione tena baada ya mvua." Anayeongoza ile ya pili ni Yaw Twumasi, wa mtaa wangu mwenyewe, hapa Bantama. Hulipiga boksi la lenzi kama ngoma. "Ndugu zanguuu! Hii ni moto! Uza hata kitanda!" Ana wafuasi elfu arobaini. Mimi ninao sitini na mmoja, nikijihesabu.

Sasa habari yenyewe. Mzee Egyir anastaafu! Macho yamechoka. Ametangaza kwamba atamwachia chaneli yake mtazamaji atakayemtumia uchambuzi bora wa lenzi yoyote. Mwisho ni Jumapili, saa sita mchana.

Nilisimama. Nikaketi. Nikasimama tena. Sijawahi kukitaka kitu kiasi hiki, nami ni mwanamke aliye katika mwaka wa saba wa tasnifu yake.

Jumanne, 7 Novemba.
Mpango umekamilika. Ni mzuri mno, jambo linalonitia shaka kidogo.

Wachambuzi wa ng'ambo hujaribu lenzi kwa theluji na kuta za matofali. Mimi nitaijaribu yangu Jumamosi, katika mazishi ya Mjomba Opoku. Nguo nyeusi, jua la saa saba, waombolezaji mia nne. Hakuna lenzi isiyotubu hapo!

Nilikwenda kwa Mama Mkubwa Konadu, dada mkubwa wa mama yangu, ambaye ndiye msemaji wa wanawake wa ukoo. Nikajitolea kupiga picha bure. Aliuliza kama safari hii nitapiga watu, au nitapiga majani kama katika harusi ya binamu yangu Pokuaa. Nikamhakikishia: watu. Akasema haya, Daktari. Ananiita Daktari kwa makusudi.

Sikumwambia lolote kuhusu Takoradi. Je, kunyamaza ni kudanganya? Yameandikwa mengi juu ya hilo. Sitayasoma wiki hii.

Alhamisi, 9 Novemba.
Usaliti! Mama Mkubwa amemkodi Twumasi pia. Nilipomlalamikia alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye bamia zake: "Wewe ni damu yangu, mwanangu. Ndiyo maana nimemtafuta na mgeni."

Nikakutana na Twumasi mwenyewe penye foleni ya wali na maharage. Naye anashindania chaneli! Akaniita Dada Profesa mbele ya watu. Akauliza kama lenzi niliyoivaa shingoni si ile aliyoisifu yeye mwezi Machi. Nikakana. Nikasema ni zawadi.

Shajara haidanganywi. Niliitazama video yake mara sita ili niikosoe. Mara ya saba nikainunua.

Lakini atanishinda kwa lipi? Makelele? Mzee Egyir amerudia mara nyingi kwamba lenzi hujulikana kwa pembe za picha zake: "Katikati, kila lenzi ni malaika." Basi nitampa pembe. Pembe tupu, ushahidi mtupu!

Jumamosi, 11 Novemba.
Naandika nikiwa nimejifungia chumbani kwa hiari.

Asubuhi ilikwenda vema. Uwanja umejaa mahema, nguo nyeusi na nyekundu, ngoma, hotuba. Twumasi alifika na mashine yake ya kuchapishia, akawa anapiga, anachapa na kutandaza picha mezani papo hapo, kama ilivyo desturi, na waombolezaji wakajisukuma kuzinunua. Mimi sikuharakisha. Nilisimamisha simu yangu kando, kwenye miguu mitatu, na kuiwasha irekodi video, ili Mzee Egyir auone utaratibu wangu wote.

Kisha nikaomba picha ya Mama Mkubwa na wadogo zake watatu. Nikawapanga. Mmoja kushoto mbali, juu ya benchi. Mmoja kulia mbali, juu ya benchi. Wawili chini, wamechuchumaa, kila mmoja ukingoni mwa fremu. Pembe nne, mama wanne! Katikati nikaacha wazi, kwa kuwa katikati hakuthibitishi kitu. Palikuwa na kiti cha plastiki. Sikukiondoa. Nikapiga picha thelathini na mbili, kila moja kwa kipimo chake cha mwanga. Ilichukua muda. Jua lilikuwa kali.

Mama Mkubwa akataka kuona. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, nikiwa na fahari, Mungu anisamehe.

Aliisogeza kamera karibu na macho. Kisha akaniuliza: "Dufie, hiki kiti ndicho kilichofiwa?"

Nikaanza kumweleza habari za pembe. Hakungoja.

"Sisi ni watu au misumari ya bati? Umetupigilia pembeni ili upepo usiezue paa! Mdogo wangu ana goti bovu, umemchuchumaza dakika ishirini, halafu aliyependeza ni kiti!"

Watu walicheka. Twumasi alicheka kuliko wote, na hilo ndilo lililomponza. Mama Mkubwa akaifuata meza yake, akaokota picha, akainyanyua juu.

"Na wewe, Yaw, unacheka nini? Huyu ni nani? Umenifanya mweupe kama niliyedondokea kwenye pipa la unga wa muhogo! Opoku akinitazama huko aliko atauliza, huyu mzungu anamlilia nani?"

Twumasi akasema Mama, siku hizi ndivyo watu wanavyopenda. Akamjibu kwamba yeye si watu, yeye ni Konadu.

Kisha akasema jambo, kwa sauti ya chini, ambalo nimelirudia kichwani mchana kutwa. Alisema nguo yake ni nyeusi na ngozi yake ni nyeusi, na hizo ni nyeusi mbili tofauti. Moja ameivaa kwa sababu ya kaka yake, nyingine amezaliwa nayo. "Kamera itakayozionyesha zote mbili bila kuzichanganya, hiyo niletee. Hizi zenu ni vijiko."

Vijiko! Lenzi yenye vioo kumi na vitatu ndani!

Jumapili, 12 Novemba.
Maafa. Nilipanga kuihariri video kwa utulivu: kuondoa kelele za Mama Mkubwa, kuongeza hitimisho langu la dakika ishirini na mbili lenye majedwali. Saa mbili asubuhi umeme ukakatika. Kompyuta ikazima katikati ya jedwali la tatu. Nikaomba umeme kwa jirani mwenye jenereta. Akasema jenereta ni ya friji ya samaki, na samaki hawasubiri.

Saa sita kasoro dakika nne nilituma kwa simu nilichokuwa nacho. Video ghafi. Mimi nikipanga mabenchi, kisha dakika tisa za Mama Mkubwa akinivua nguo mbele ya ukoo. Hitimisho halikwenda.

Naweza kujifariji kwamba ukweli mbichi una thamani yake. Sifarijiki.

Jumatano, 15 Novemba.
Mzee Egyir amenipigia simu! Ile ile sauti ya upole. Nikaketi sakafuni.

Alisema alipokea video mia moja na tisa. Alisema ya Twumasi ilimuumiza masikio. Moyo ukaruka! Alisema yangu ameitazama mara nne na mkewe. Moyo ukapaa! Kisha akaomba, kwa adabu, kuzungumza na yule mama.

Mama yupi, Mzee?

"Yule wa nyeusi mbili, binti yangu. Nimechambua lenzi miaka kumi na moja nikihesabu mistari ya matofali ukutani. Sijamsikia mtu aliyejua hivyo kile anachokitaka kwenye picha. Ndiye mrithi wangu. Mwambie chaneli ni yake."

Nikamweleza kwamba Mama Mkubwa hajawahi kushika kamera. Akasema amegundua hivyo, na ni jambo jema.

Nilimpelekea Mama Mkubwa habari nikitarajia akatae. Alifikiri kwa muda wa kumenya kiazi kikuu kimoja. Akauliza kama huko Takoradi wanalipa nauli. Akakubali.

Ijumaa, 17 Novemba.
Siku mbili nimetafuta uchungu ndani yangu, nikaupata, lakini ni mdogo kuliko nilivyoahidiwa. Leo tumerekodi uchambuzi wa kwanza, uani kwa Mama Mkubwa. Twumasi anaendesha kamera ya pili. Mama Mkubwa ametuamuru tushirikiane. Mimi nashika kila lenzi, nasoma jina lake na kumpiga nayo picha ya uso. Nilikuwa nimemwandikia hotuba ya kurasa kumi na nne yenye tanbihi. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akajipepea nayo mpaka mwisho. Lenzi ya kwanza aliiita kijiko. Ya pili pia. Ya tatu aliitazama picha yake kwa muda mrefu, akagusa shavu lake kwenye kioo, akasema, "Huyu namjua." Twumasi, mtu wa makelele, aliyekwisha kuinua boksi alipige, alilirudisha mezani polepole. Nilijikuta natabasamu kama mjinga.

Swali langu, basi? Nadharia ya sauti ya upole imekufa: Mama Mkubwa hana upole, nami namwamini. Labda ni kwa sababu huijaribu lenzi kwa uso wake mwenyewe, akiwa na cha kupoteza. Au labda ni kwa sababu alinibeba mgongoni, na hapo hiyo si imani tena, ni hofu. Siwezi kuamua. Ushahidi wote nilionao unatoka kwa shahidi mmoja, naye ndiye aliyenipa kazi.

Hata hivyo, mambo lazima yaende kwa utaratibu. Usiku wa leo nimeanza orodha mpya: mama wakubwa na mama wadogo niwapendao, na wale nisiowapenda, pamoja na sababu. Nitawasomea Jumapili wakiwa wote pamoja. Naamini watafurahi.