Mhuri Chini ya Kofia

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo nimezindua Utaratibu Mpya wa Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Nangumbwa. Tangazo liko mlangoni: mwananchi ataonana na Mtendaji baada ya kuwasilisha maombi kwa maandishi. Nakala nimempa Bi Rosalia, mtendaji wa kijiji, ambaye ofisi yake iko jengo hilihili. Ameisoma, akaitumia kufunikia mihogo yake.

Mkurugenzi wa Halmashauri anakuja Ijumaa. Mwaka wangu wa majaribio umekwisha. Atakachokiona ndicho kitakachoamua kama nathibitishwa kazini au narudi Songea kwa baba na vyeti vyangu. Ametaka kukabidhiwa orodha ya wakulima wa korosho wanaostahili salfa, ile dawa ya mikorosho, kurasa kumi na moja, kila ukurasa na mhuri wake.

Sina wasiwasi. Tasnifu yangu ya chuo kikuu ilihusu majimbo ya Nyuzilandi chini ya Waingereza, 1853 hadi 1876. Kila jimbo na Msimamizi wake, baraza lake, ugomvi wake. Yakafutwa yote. Nilionyesha kwa kurasa tisini kwamba yangedumu laiti majalada yangetunzwa. Profesa aliandika pembeni: "Na watu je?" Nikaongeza jedwali.

Saa tano akaingia Mzee Mfaume, Mmwera wa hapa kijijini. Bila maombi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita Mngoni mwizi wa mbuzi, akataka kujua babu zangu walipeleka wapi mifugo ya Wamwera. Kisha akachukua mhuri wa kata mezani, akauweka chini ya kofia yake, akatoka. Polepole, kama mtu anayetoka msikitini.

Bi Rosalia akacheka. Akasema ni utani huo. Wamwera na Wangoni ni watani, na mtani akikuchukulia kitu, unakikomboa. Kuku mmoja, matusi mawili, mambo yanakwisha. Nilimjibu kwamba mali ya umma haitaniwi.

Jumanne, 6 Mei

Barua rasmi kwa Mzee Mfaume. Kumbukumbu namba, kichwa cha habari, vifungu vinne. Nimempa saa ishirini na nne. Ismael, mgambo wa kata, ameipeleka kwa baiskeli.

Amerudi nayo. Mzee ameikagua mbele na nyuma, akasema hawezi kuipokea. Haina mhuri.

Nimetafakari sana. Kisheria ana hoja.

Si kwamba simjali. Machi, mkewe, Bi Zakia, alipofariki, nilipeleka barua ya rambirambi siku hiyohiyo, mihuri miwili. Nilikuwa na taarifa ya robo mwaka, sikuweza kwenda mwenyewe. Sidhani kama kuna mtendaji aliyewahi kuwaandikia wafiwa kwa ufasaha ule.

Jumatano, 7 Mei

Nimemtuma Ismael kufanya upekuzi. Ameondoka saa mbili, amerejea saa tisa, ameshiba.

Taarifa yake: mhuri haukufichwa. Umewekwa barazani juu ya kigoda, pembeni yake kikombe cha uji. Kila asubuhi Mzee anausalimia na kuuliza habari za Songea. Majirani nao wanapita kuujulia hali. Nilimuuliza kwa nini hakuuchukua. Akasema ingekuwa aibu, ulikuwa haujamaliza uji.

Bi Rosalia amenishauri tena kuhusu kuku. Nimemweleza kwamba kutoa kuku ili kupata huduma ni rushwa. Akasema, "Mwanangu, watu hawamtanii wasiyemtaka." Kisha akaondoka mapema, ana kuku wa kukamata.

Ninashuku anakitaka kiti changu. Ana kidato cha nne na miaka kumi na tisa kazini. Huko Nyuzilandi watu wa namna hiyo ndio waliowaangusha Wasimamizi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda mwenyewe. Nimevaa tai. Mkononi Hati ya Makabidhiano, nakala tatu, niliyoiandika kwa kufuata taarifa ya Ismael.

Mzee alikuwa barazani. Mhuri kwenye kigoda, yeye kwenye mkeka. Nilipoomba mhuri, hakunitania. Alisema kwa sauti ya chini:

"Mke wangu alipofariki, wewe hukuja. Ulikuja mhuri. Watani wengine walikuja, wakalala kaburini wakizuia lisifukiwe, wakavaa nguo zangu, watu wakacheka mpaka nami nikapata kula. Mngoni wangu mimi nilikuwa namsubiri. Ukaja mhuri, mara mbili. Basi nikaenda kumchukua mtani wangu."

Nyuma yake kulikuwa na kinu kimepinduliwa, na buibui ameshaweka makazi. Nikakumbuka wiki yangu ya kwanza hapa, nyumba ya serikali haina kitanda. Bi Zakia ndiye aliyeniletea mkeka, akasema mtoto wa watu asilale chini. Niliusajili kwenye daftari la mali ya ofisi, namba 14. Kumshukuru, sidhani. Nilimpa stakabadhi.

Nilikaa chini. Kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya, nilianza kusoma Hati. "Mtani wa Kwanza, ambaye hapa chini ataitwa Mzee, anakiri kumhifadhi Mtani wa Pili, ambaye ni mhuri, akiwa hai na mwenye afya njema…"

Mzee Mfaume akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Nilipofika kifungu cha pili, cha uji, akaanguka ubavu, kofia ikabingirika uani. Binti yake, Biasha, akatoka jikoni akijifuta machozi kwa kanga. Akaniambia hajamsikia baba yake akicheka tangu Machi, akaniomba nirudie kifungu cha pili. Nikarudia. Nimeandika pembeni: kifungu cha pili kimeeleweka.

Hata hivyo hakusaini. Akasema mhuri utarudi na yeye mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei

Mkurugenzi amewasili saa nne. Wananchi wamejaa. Akaomba orodha ya salfa. Nikampa. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akauliza mhuri uko wapi. Nikaanza kueleza historia ya majimbo.

Mzee Mfaume akasimama. Akavua kofia. Mhuri ulikuwa kichwani, umekaa kama yai. Akauweka mezani.

"Mheshimiwa, huyu Mngoni ni mwizi kama babu zake, na kwenye msiba anatuma karatasi. Lakini kuku wake amefika Jumatano, na mwenyewe amefika Alhamisi. Tumeshaanza kumfundisha. Msituletee mwingine."

Watu wakaangua kicheko, Mkurugenzi naye. Nikagonga kurasa kumi na moja. Mkurugenzi alisema amezoea wananchi kumsifu mtendaji kwa risala iliyoandikwa na mtendaji mwenyewe. Mtendaji kung'ang'aniwa kwa matusi hajawahi kusikia. Atapendekeza nithibitishwe.

Kuku ninamchunguza. Sikumtuma. Bi Rosalia alipoulizwa alimenya muhogo. Ni dhahiri anajijengea jina kijijini kwa kutumia langu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeamka na furaha. Mafanikio ya wiki hii yametokana na jambo moja: Hati ya Makabidhiano. Mzee alibadilika niliposoma kifungu cha pili, mashahidi wapo. Laiti Wasimamizi wa Nyuzilandi wangekuwa na kifungu kama kile.

Kwa hiyo nimetunga Mwongozo wa Utani wa Kata. Mtani atajaza fomu siku saba kabla ya kutania. Tusi litaandikwa kwa herufi kubwa. Kitu kitakachochukuliwa kitaorodheshwa. Msibani, Mtendaji atahudhuria mwenyewe, au atume mwakilishi mwenye barua. Kurasa sita. Kazi safi.

Saa nne Mzee Mfaume alipita kunijulia hali. Nilimsomea mwongozo wote. Alifurahi kupita kiasi, akanishika mkono, akaniombea dua, akaenda zake.

Nikanyoosha mkono nigonge mhuri ukurasa wa kwanza. Meza tupu.

Barua ya kuudai nimekwisha kuiandika. Inasubiri mhuri.