Nimejitoa kwa Moyo Wote

Jumapili, 6 Julai

Jambo hili sijamwambia mtu. Hata Mama. Hata padri. Nimejiandikisha mbio za milimani, kilomita hamsini, kutoka msituni mpaka Ikola, Ziwa Tanganyika. Na sipendi kukimbia! Shuleni nilikuwa nakimbilia kengele tu.

Sababu ni Dada Thacienne. Ameshinda mbio hizi miaka mitatu mfululizo. Kwao walihama Katumba, kwenye makazi ya Warundi, sasa wanaishi Makanyagio, hapa hapa mjini. Leo baada ya misa nilimwona akipanda kilima cha mnara. Hapandi kama watu wengine. Anainama kidogo, mikono magotini, hatua fupi fupi, uso umetulia kama mtu anayepepeta mchele. Nilisimama kumtazama mpaka utosi ukaungua.

Tangazo linasema hivi: msichana anayeshiriki kwa mara ya kwanza, akimaliza ndani ya saa kumi, Thacienne atamchukua kwenye kundi lake la mazoezi. Wako wanne tu. Nataka kuwa wa tano kuliko kitu chochote. Kumwomba siwezi. Nikimwona tu, ulimi unakauka. Basi nitamaliza mbio, atanichukua, yataisha. Mpango hauna tundu.

Jumanne, 8 Julai

Nimeanza kumfuata kwa siri ili niige mazoezi yake. Saa kumi na mbili asubuhi alipita mtaani kwetu Kashaulili. Nikaingia nyuma yake, nguzo tatu za umeme katikati yetu. Akiongeza mwendo, naongeza. Akikata kona, nakata. Kichwani alibeba mzigo. Nikajua hapo ndipo siri ya mabingwa ilipo. Mazoezi ya uzito! Nikaokota tofali, nikajitwisha.

Alikuwa anakwenda mashineni kusaga mahindi.

Nikajikuta kwenye foleni, mimi na tofali langu. Mwenye mashine akataka kujua kama hilo nalitaka dona au sembe. Foleni nzima ikaangua kicheko. Thacienne naye alicheka, lakini kwa upole, kaziba mdomo kwa upande wa khanga. Hata kucheka kwake kuna adabu.

Ijumaa, 11 Julai

Queen naye amejiandikisha! Tumesoma wote, tumemaliza kidato cha sita pamoja mwezi wa tano. Ana raba mpya. Ameziweka status zikiwa peke yake juu ya mto, kama mtoto mchanga. Mimi nimeazima za kaka yangu Gideon, golikipa wa mtaa. Nimejaza matambara mbele. Queen akaniuliza mbele ya watu kama hizo ni raba au mitumbwi, maana nikifika Ikola naweza kuunganisha mpaka Kongo.

Jibu lilinijia saa nne baadaye, nikiwa nachambua matembele. Lilikuwa zuri sana. Nikawaambia matembele.

Mama akauliza raba za Gideon zinanihusu nini. Nikasema ni za igizo la parokiani. Akauliza naigiza nani. Nikasema Goliathi.

Alhamisi, 17 Julai

Mzee Leodgar, katibu wa mbio, alituita washiriki. Alieleza kwamba kituo kikubwa kiko kileleni, kilomita ya ishirini. Ambaye hajafika pale saa nne asubuhi anatolewa.

Kisha Thacienne akaombwa aseme neno. Hakujisifu hata kidogo. Alisema tusimfuate yeye, kila mtu afuate pumzi yake. Tule viazi vya kuchemsha vyenye chumvi. Kwenye mwinuko tutembee, wala tusione haya. Buhoro, buhoro, akasema kwa Kirundi, yaani polepole. Sikuwa na daftari. Niliandika yote mkononi, kuanzia kiwiko. Mama akashangaa Goliathi gani huyo mwenye maandishi.

Jumamosi, 19 Julai

Sijui nianzie wapi.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Nilitembea kwenye miinuko. Nikala viazi. Queen alinipita mara tatu, na mara tatu nikamkuta kakaa anafunga kamba. Kilomita ya kumi njia inazunguka bonde. Nikamwona Thacienne ng'ambo ya pili, juu kabisa, mdogo kama mchwa, na hatua yake ile ile. Hajaibadilisha! Nikalia kidogo. Sikuwa naumwa popote. Alikuwa anapendeza tu.

Kileleni nikafika saa tatu na dakika ishirini. Nina dakika arobaini za ziada! Mzee Leodgar alikuwa mezani na orodha yake. Akazitazama raba za Gideon, akanitazama mimi, akauliza kwa huruma: "Binti, umejitoa?"

Sasa, parokiani kwetu hakuna neno kubwa kuliko hilo. Kila Jumapili vijana tunahimizwa kujitoa. Wanakwaya wanasifiwa kwa kujitoa. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Nimejitoa, Mzee!"

Akauliza kama ni kwa hiari yangu. Nikajibu kwa moyo wote. Akasema nisiwe na haraka, nikae, nifikiri kwanza. Nikasema nilishafikiri tangu tarehe sita. Akatikisa kichwa, akanipa kalamu nisaini, akachukua mkasi akakata kona ya namba yangu ya kifuani, sitini na nne. Nikajua ni alama ya heshima. Halafu akanipandisha pikipiki.

Pikipiki ilinishangaza. Lakini kuuliza nikaona haya. Labda kipande kile kina tembo.

Baada ya saa mbili nikashushwa Ikola, nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Mbele naona utepe, naona watu. Nikakimbia. Nikaukata kwa kifua! Vigelegele! Mama mmoja akanivika khanga. Wavuvi wakaninyanyua juu juu. Nikasikia nimevunja rekodi. Nilianza kuamini.

Dakika kumi na mbili baadaye akatokea Thacienne, kajaa vumbi mpaka kope, anatafuta utepe. Hakuna utepe. Msimamizi akapokea simu, akasikiliza, akatangaza kwa kipaza sauti: namba sitini na nne, amejitoa mashindanoni, kilomita ya ishirini.

Amejitoa. Yaani ameacha! Ameshindwa! Wavuvi wakaniteremsha taratibu, kama samaki aliyeoza.

Nikamweleza Thacienne kwa sauti ya chini sana. Kwaya, kujitoa, mkasi, tembo. Akakaa mchangani, akacheka mpaka akalala chali. Hakukasirika hata chembe, na utepe ulikuwa wake! Kisha akaniuliza jina. Nikalisahau. Akangoja. Marsela, nikasema mwishowe.

Akasema sheria ni sheria, sikumaliza, kwa hiyo mbio hazikunipa nafasi. Lakini mtu aliyefika kileleni na viatu vile hawezi kumpuuza. Jumatatu niende kwao, nisimame mlangoni, niseme kwa mdomo wangu: Dada, nataka kukimbia nanyi. Maneno manne tu. Nikisema, nimeingia.

Queen amemaliza. Dakika sita kabla ya muda kuisha, peku, raba mkononi, vidole vinatoka damu. Nilimpigia makofi kuliko wote. Alistahili; wa tano ni yeye.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda. Njia nzima narudia maneno manne. Nikayasema vizuri kwa bata, kwa mlingoti wa bendera, kwa fundi baiskeli ambaye alijibu yeye ana goti bovu.

Mlango akaufungua Thacienne mwenyewe. Akatabasamu. Akanikaribisha kwa jina langu! Akasema haya mdogo wangu, sema. Nikafungua mdomo.

Nikasema nimesikia wanatafuta mtu wa kuchunga mbuzi.

Walikuwa hawatafuti. Lakini mama yake alitoka jikoni mbio akimshukuru Mungu, mbuzi tisa wamemchosha, hasa yule dume. Thacienne akanipa fimbo ya kuchungia. Akasema sawa, lakini maneno manne bado anayangoja.

Ni mvumilivu kupita kiasi. Ila hatalazimika kungoja, maana nimepata njia bora zaidi. Kundi lake hupita njia ya machimbo ya mawe alfajiri. Nami nitawafungulia mbuzi dakika hiyo hiyo. Mbuzi hupanda mlima bila kusukumwa. Nitakimbia nyuma ya mbuzi, Thacienne atageuka, ataona ninavyopanda, na ataniita mwenyewe!

Wewe unayesoma hapa, naomba ufunge mdomo. Queen asijue. Na mama yake Thacienne ndiye asijue kabisa. Anaamini nimejitoa kwa ajili ya mbuzi.