Samaki Wangu, Si wa Ozella

Jumatano, 7 Mei
Ozella Pettway, koma! Ndoto si mali ya baba yako. Kwetu kila mtu anajua: ukiota samaki, kuna mwenye mimba. Leo tena anajigamba mbele ya kwaya nzima kuwa yeye ndiye aliyeota samaki, ndipo mke wa mchungaji akaonekana ana mimba. Aliota! Alimchungulia tumbo, basi. Mwotaji wa kanisa hili ni mimi. Kufika Jumapili nitakuwa nimeota samaki, au nahama kanisa.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeota nafua pazia. Mjukuu wangu Latrice, karudi kutoka chuo kikuu, anasema eti samaki na mimba wapi na wapi. Eti watu huota kwa sababu usiku ubongo unapanga yale ya mchana. Nikamwambia akanawe, uso umempauka kama unga. Baadaye nikawaza. Kumbe! Nikiushindilia ubongo samaki mchana kutwa, usiku utapanga nini? Viazi?

Ijumaa, 9 Mei
Asubuhi bwawani, nimewatazama kambare mpaka wakaona haya. Mchana kambare wa kukaanga. Jioni kambare. Harufu imemkimbiza Latrice chooni. Watoto wa siku hizi, matumbo ya karatasi!

Jumamosi, 10 Mei
NIMEOTA! Kambare mkubwa kama kochi, kavaa kofia ya Ozella. Nimewapigia simu wanawake wote wa ukoo. Mkwe wangu Deandra kasema kitambi chake ni cha biskuti zangu, kakata simu. Binti yangu Corliss, miaka hamsini na nane, kacheka mpaka kakohoa. Hakuna mwenye mimba. Haidhuru. Natangaza.

Jumapili, 11 Mei
Nikasimama kanisani: Bwana kanionyesha mtoto katika ukoo wangu! Ozella akauliza kwa sauti, wa nani, Dada Vernell, wako? Kanisa likaangua kicheko. Ndipo Latrice akainuka, machozi tele: “Ni wangu, Bibi. Wiki nzima natafuta pa kuanzia.”
Nilimkumbatia mpaka kofia ikanidondoka. Chuo haachi, mtoto nitalea mimi, na mwenye kucheka aje anichekee mimi. Ozella kajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Ushindi!

Jumatatu, 12 Mei
Latrice anasema nilimwona akipauka na kutapika, ubongo ukajumlisha nikiwa usingizini. Upuuzi! Ubongo wangu haujajumlisha kitu tangu darasa la tatu. Hiki ni kipaji.
Sasa huyo kijana aliyempa mimba, ataoa lini? Corliss! Jumamosi kuna harusi kwa akina Tolliver. Nenda hata kama hujaalikwa, uniletee kipande cha keki nikilalie chini ya mto, maana keki ya harusi huotesha ndoa, niote tarehe. Na Ozella asiachiwe hata makombo!