Bâche Zinazoonekana Kutoka Angani

"Wote waliokimbia vita wajulishwe: kuanzia leo, anga ni rafiki yao!"

Ndivyo alivyotangaza redioni Directeur Barthélemy, mkuu wa Ofisi ya Ushirikiano wa Kimataifa wa Anga. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja mtaani Birere, mjini Goma, juu ya duka la vitenge. Umeme haukuwako, lakini bendera za nchi marafiki zilijaa ukutani.

Ushirikiano ulikuwa wa haki kabisa. Wageni walitoa setilaiti, sisi tukatoa wakimbizi. Setilaiti ingepita juu, ione bâche, yale maturubai meupe ya kambi, na hapo ndipo unga ungepelekwa.

Siku moja Mama Donatille, mkimbizi kutoka Masisi, alipanda ngazi akiwa na mtoto mgongoni, wote wamelowa chapachapa.

"Papa Directeur, bâche hatujapata. Tunalala mu mvua, na malori ya unga yanatupita tu."

"Mama, setilaiti haijawaona."

"Lakini weye unaniona."

"Mimi si setilaiti."

"Tutaonekana namna gani bila bâche? Ziko wapi?"

"Ziko mu procédure."

Directeur alimhurumia kweli, maskini, mtu asiyejua teknolojia. Procédure ilikuwa kiwanja chake mwenyewe, alikojenga jumba. Bâche zote alizitandaza juu ya simenti na mbao, kwa kuwa mvua ya Goma haina adabu na simenti ya Directeur ni mali ya maendeleo.

Wiki iliyofuata wageni walipiga simu kwa furaha: setilaiti imeona kambi kubwa, safi, yenye ukuta na geti! Barthélemy hakuuliza iko wapi. Alikimbilia redioni kuwaita wakimbizi wote wayafuate malori.

Malori yakasimama getini pake. Nyuma ya malori, Donatille na kambi nzima, sufuria kichwani.

"Hii ni parcelle yangu, kiwanja changu!" alifoka Barthélemy.

Émile, mjumbe wa wageni, alitazama picha ya setilaiti. "Hapana, monsieur. Hii ni kambi. Umeitangaza mwenyewe."

Watu walikwisha kuzivuta bâche na kuezekea vibanda kwa mbao zake. Mvua ikashuka. Simenti ikaanza kuganda ndani ya mifuko, na mtoto wa Donatille akalala pakavu. Barthélemy, maji yakimchuruzika hadi kwenye soksi, akataka kuingia chini ya bâche naye.

Donatille alimzuia kwa upole kabisa.

"Pole, papa. Kwanza tuandike jina. Unakimbia vita ya wapi?"